Bayati kwenye laptopu ya mtumba

Mtu akiniuliza sinthesaiza ipi ya bei nafuu aiweke kwenye Linux, humrudishia swali: unataka kupiga nini? Wengi hudhani nakwepa. Sikwepi. Kazi yangu hapa Mombasa ni kurekodi kasida, nyimbo za harusi na taarabu, na nimewaona vijana waliojaza laptopu sinthesaiza za kila aina, kisha ukisikiliza kazi zao unakuta piano ileile, besi ileile, na fidla ya bandia ileile iliyokuwamo tangu siku ya kwanza. Kuchagua hawakuchagua, walikusanya.

Sinthesaiza ya kompyuta ni kinanda kisicho na mwili. Ni programu inayotengeneza sauti kwa hesabu: unabonyeza kitufe cha kinanda kidogo cha MIDI kilichounganishwa na kompyuta, au unachora noti kwa kipanya, nayo inakokotoa mawimbi papo hapo, mara 48,000 kwa sekunde. Nyingi huja kama plagini, yaani hazisimami peke yake bali hufunguliwa ndani ya programu ya kurekodia kama Ardour, Reaper, Qtractor au LMMS. Zamani kufanya muziki kwenye Linux kulitaka moyo. Kulikuwa na mifumo mitatu ya sauti, ALSA chini, JACK juu yake, PulseAudio ubavuni, na sauti kutotoka kabisa lilikuwa jambo la kawaida. Siku hizi distro nyingi, yaani matoleo ya Linux, zina PipeWire, inayoshika kazi ya JACK na PulseAudio pamoja, na mtu wa kawaida anaweza kuanza kupiga jioni hiyohiyo aliyoweka Linux.

Kuhusu hela nitasema upesi: sinthesaiza nzuri za Linux nyingi ni za bure, na si bure ya majaribio inayokuzimia baada ya mwezi. Gharama yenyewe iko kwingine. Iko kwenye prosesa, iko kwenye bando, na iko kwenye miezi utakayokaa na programu moja mpaka vidole viijue.

Tuanze na prosesa, maana ndiyo inayowatoa watu machozi. Mpwa wangu alikuja na laptopu ya mtumba, gigabaiti nne za RAM, ameshaweka Linux kwa sababu Windows yake ilijaa virusi vilivyoletwa na nakala ya wizi ya programu ya muziki. Amefungua sinthesaiza iitwayo Vital, anabonyeza kodi ya noti nne, sauti inakatikakatika. "Mjomba, kadi ya sauti imekufa?" Haikufa. Alikuwa amechukua sauti iliyotayarishwa na mtu mwenye mashine kubwa, yenye osileta (vitoa mawimbi) tatu, na kila osileta imerudufiwa mara nane. Kodi ya noti nne hapo ni mawimbi tisini na sita yanayokokotolewa kwa wakati mmoja, kabla hujafika kwenye mwangwi. Tulipunguza marudufu hadi mawili, sauti ikatulia, na kusema kweli ndani ya wimbo mzima hakuna ambaye angesikia tofauti.

Jambo la pili linaloigusa prosesa ni bafa, kile kipande cha sauti ambacho kompyuta hukitayarisha kabla ya kukitoa. Kwa kasi ile ya sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya sampuli 1,024 inakuchelewesha milisekunde 21 hivi. Ya 256 ni kama tano. Ukipiga kodi za kujaza nyuma, ishirini na moja hutazihisi sana. Ukipiga dumbak kwa vidole juu ya kinanda, utahisi mkono na sikio vimegombana. Kwa hiyo unaporekodi weka bafa ndogo na plagini chache. Unapochanganya sauti, ipandishe mpaka 1,024 na upumzishe mashine. Na ukishamaliza sehemu moja ya wimbo, igeuze iwe sauti ya kawaida, kisha uzime sinthesaiza yake. Mbinu hii imeniwezesha kutumia mashine za zamani kwa miaka ambayo wenzangu walikuwa wakikopa kununua mpya.

Sasa sinthesaiza zenyewe. Mwenye mashine dhaifu nampa kwanza amsynth. Ni ndogo, haina madoido, na sura yake haivutii, lakini inafundisha. Ina osileta mbili, chujio moja, na vidhibiti vichache vya sauti inavyopanda na kushuka. Chukua osileta zote mbili, zipe wimbi la msumeno, ya pili ipandishe senti chache tu (senti ni sehemu ya mia ya nusu toni) juu ya ya kwanza, kisha funga chujio nusu. Umepata akodiani. Si ajabu: akodiani yenyewe hutetemesha sauti kwa ndimi mbili zilizopishana kidogo kwa makusudi. Kijana akitengeneza sauti hiyo kwa mkono wake mwenyewe, ameelewa nusu ya sinthesaiza zote za dunia, kwa kuwa nyingi hufanya hivyo hivyo: zinaanza na wimbi lililojaa, kisha zinalikata.

Kwa fidla za nyuma, zile zinazotanda chini ya mwimbaji, sijaona ya bure inayoipita ZynAddSubFX. Ilitoka mwaka 2002, kazi ya Mromania aitwaye Nasca Octavian Paul, na tangu 2009 ina ndugu yake, Yoshimi, iliyochipuka kutoka msimbo uleule. Ndani yake mna injini tatu, na ya kuithamini mwenye laptopu kuukuu ni PADsynth. Hii hukokotoa sauti nzima mapema na kuihifadhi, kwa hiyo wakati wa kupiga prosesa haina kazi kubwa. Unangoja kidogo kila unapobadilisha kitu, halafu unapata sauti pana, laini, isiyo na ule ukavu wa vinanda vya bei rahisi. Zyn na amsynth zote zimo kwenye hazina za Debian na Ubuntu. Hakuna tovuti ya kutafuta wala akaunti ya kufungua.

Dexed ni mwigo wa Yamaha DX7, kinanda cha mwaka 1983 ambacho piano yake ya umeme ilijaa kwenye nyimbo za pop za miaka ile. Njia yake ni nyingine kabisa: wimbi moja linatikisa jingine kwa kasi, na mtikisiko huo unazaa sauti za kengele, shaba, na besi ngumu. Mbinu hiyo iligunduliwa na John Chowning katika chuo kikuu cha Stanford mwaka 1967, na Yamaha wakanunua haki ya kuitumia. Kinachonifurahisha kwa Dexed ni kwamba inasoma mafaili ya sauti ya DX7 yenyewe, na faili moja lenye sauti 32 lina baiti 4,104. Baiti, si kilobaiti. Picha moja ya kwenye WhatsApp inakula bando zaidi kuliko mamia ya sauti hizo. Lakini kuzitengeneza mwenyewe ni kazi ya mtu mvumilivu sana. Mimi hutafuta iliyo karibu na ninachotaka, narekebisha kidogo, naendelea.

Vital ndiyo inayowavuta vijana, na nawaelewa. Matt Tytel aliitoa mwaka 2020. Inasafiri ndani ya majedwali ya mawimbi, na kila kinachotikisika unakiona kikitikisika kwenye skrini. Ya bure ina injini ileile iliyomo kwenye ya kulipia. Ukilipa dola 25 au 80 unaongezewa sauti na majedwali. Lakini picha zake zenyewe zinataka kadi ya michoro iliyo na nguvu kiasi, na ukitaka kuipakua lazima ujisajili. Kwa biti za kisasa ni nzuri mno. Kwa kasida, naona inajitia kimbelembele.

Ningeambiwa nibaki na moja tu, ningebaki na Surge XT. Iliuzwa miaka kadhaa na Claes Johanson chini ya jina Vember Audio, kisha mwaka 2018 akaufungua msimbo wake kwa umma, na wanaojitolea wakaichukua; toleo la XT lilitoka 2022. Ina aina nyingi za osileta, na mojawapo huiga waya unaodonolewa. Ukiicheza kwa noti za haraka, juujuu, inakaribia ganuni kiasi cha kumdanganya mtu aliye jikoni. Aliyekaa sebuleni hadanganyiki. Udi usijaribu kuuiga kabisa. Mwite mpiga udi, mpe chai, weka maikrofoni.

Ila sababu yangu kubwa ya kuipenda Surge si ganuni. Ni robo toni.

Kinanda cha kawaida kimegawanywa hatua kumi na mbili sawa, kila moja senti 100. Maqam za Kiarabu, yaani ngazi za noti, ambazo taarabu yetu ilizirithi hazikai zote humo. Katika maqam ya Rast inayoanzia C, noti ya tatu haiko kwenye E wala kwenye E ya kushuka, iko katikati. Bayati inayoanzia D inaitaka noti hiyohiyo kama ya pili yake. Mpiga fidla anaipata kwa kidole bila kufikiri. Mpiga kinanda hana pa kuipata, na ndiyo maana nyimbo nyingi zilizorekodiwa kwa kinanda cha kawaida huhamishwa kimyakimya kwenye maqam zisizo na robo toni, au mwimbaji anaimba kitu kimoja na kinanda kinapiga kingine, nasi tumezoea. Wapo watengenezaji wa vinanda, Korg na Yamaha wakiwemo, wenye matoleo maalumu yanayoshusha noti hizo kwa kubonyeza kitufe, lakini bei yake si ya mtu anayeanza.

Kwenye Surge unafanya hivyo kwa faili la maandishi. Mfumo wake unaitwa Scala, na faili huishia kwa .scl. Mstari wa kwanza wenye maneno ni maelezo, unaofuata ni idadi ya noti, 12, halafu kila noti ina mstari wake kwa senti: 100.0, 200.0, 300.0, na kuendelea hadi 1200.0. Palipo na 400.0 andika 350.0, na palipo na 1100.0 andika 1050.0. Hayo tu. E na B zimeshuka robo toni, vitufe vingine viko palepale, na kinanda chako cha MIDI kimekuwa cha Rast na Bayati kwa pamoja. Rast ikiteremka na kutaka B ya kushuka, kitufe cheusi bado kinayo, kwenye 1000.0. Angalizo moja: nukta isisahaulike. Ukiandika 350 bila nukta, programu inasoma uwiano wa 350 kwa 1, na sauti inapaa mahali ambapo hata popo hafiki.

Uzuri wa faili ni kwamba 350 si amri. Waimbaji wa zamani hawakukaa nusu kwa nusu kamili. Mwingine noti yake imeinama kidogo chini, mwingine juu, na Waturuki wanaiweka juu kuliko Wamisri. Mimi huketi na mwimbaji, namwomba aivute ile noti peke yake, nabadilisha namba, 345, 355, 360, mpaka aniambie "hapo." Kila mwimbaji namwekea faili lenye jina lake. Na si Surge peke yake: Vital, Dexed, amsynth na Zyn nazo zinasoma Scala, kwa hiyo faili lilelile linakwenda na fidla, akodiani na ganuni, zote zikakubaliana. Sinthesaiza isiyoweza hilo, iwe ya bei gani, kwa kazi yangu haifai.

Za kulipia zipo, na baadhi zinastahili. Reaper, ambayo si sinthesaiza bali nyumba ya kuziweka, ni dola 60 kwa mtu binafsi. Pianoteq ya Modartt, kampuni ya Ufaransa, ni zaidi ya dola mia moja hata kwa toleo dogo, ila inaigiza piano kwa hesabu badala ya rekodi. Haifiki megabaiti mia, wakati piano za rekodi zinakula gigabaiti kadhaa. Majaribio yake ni bure, noti chache zimezimwa na kila kikao ni dakika 20, inatosha kujua kama mashine yako inaiweza. Plagini za Windows pia zinaweza kuendeshwa kupitia Wine na yabridge. Nimezitumia. Lakini anayeanza asianzie huko, maana siku ya kazi ya harusi ndiyo siku ambayo Wine itakuwa imesasishwa.

Na kama una dola 25 mkononi leo, usiipe Vital kwanza. Nunua hedifoni inayokuonyesha tofauti ya 350 na 360.