Seva Iko Umbali Gani?

Mkuu wa shule au meneja wa ofisi akionyeshwa kisanduku kinachoenea kiganjani na kuambiwa kwamba kitachukua nafasi ya kompyuta nzima ya mezani, kwanza huuliza bei. Kisha huuliza kasi ya intaneti, megabiti ngapi. Natamani aanze na swali ambalo wauzaji wengi hawaligusi: kompyuta itakayofanya kazi yenyewe itakaa wapi?

Kisanduku hicho, yaani terminali, hakihifadhi faili za mtumiaji. Programu zote huendeshwa ndani ya seva, ambako kila mtu ametengewa kompyuta pepe yake. Ukibonyeza herufi kwenye kibodi, taarifa ya mbonyezo husafiri hadi kwenye seva. Seva huichora herufi hiyo, kisha hurudisha sehemu ya skrini iliyobadilika tu, tena ikiwa imebanwa. Ndiyo maana anayeandika barua hutumia data kidogo sana. Akifungua video, picha hubadilika mara 25 au 30 kwa sekunde, na njia hufurika. Mifumo mizuri huepuka adha hiyo kwa kuituma video kama ilivyo ili terminali iifungue yenyewe.

Sasa tuje kwenye umbali. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kebo ya baharini kutoka Mombasa hadi kusini mwa Ulaya, kupitia Bahari ya Shamu, hupita kama kilomita 8,000. Kwenda na kurudi ni milisekunde 80, kabla ya kuhesabu vifaa vyote vya njiani. Uchelewaji ukishapita milisekunde 100 mkono huanza kuhisi uzito: herufi hutokea kidole kikiwa kimeshaondoka, na kishale cha kipanya hufuata kwa kujikokota. Megabiti zaidi hazitibu hali hii. Ukiipanua barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma iwe ya njia nne, magari mengi zaidi yatapita kwa wakati mmoja, lakini kilomita hazitapungua hata moja.

Wenye umri mkubwa wanakumbuka hali ilivyokuwa mbaya zaidi. Hadi 2009, mawasiliano ya Kenya na Tanzania na ng'ambo yalitegemea sana setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Mbonyezo mmoja kupanda, kushuka, na jibu lake kupanda na kushuka tena, ulikaribia nusu sekunde. Kebo ya SEACOM ilipoanza kazi Julai 2009, ikafuatiwa na EASSy mwaka 2010, kutumia kompyuta iliyo bara jingine kukawa jambo la kufikirika. Microsoft ilipofungua vituo vya data Afrika Kusini mwaka 2019, na Amazon ikafungua vyake Cape Town mwaka 2020, umbali ulipungua tena.

Lakini kwa maabara ya shule au zahanati yenye vyumba kumi, msimamo wangu ni mmoja: seva iwekwe ndani ya jengo. Kwenye kebo ya mtandao ya mita 50 uchelewaji ni chini ya milisekunde moja, na intaneti ikikatika masomo yanaendelea. Programu ya bure ya LTSP, iliyoanzishwa na Jim McQuillan wa Marekani, ilianza kuwezesha mpangilio huu mwaka 1999, hata kwa kompyuta kuukuu ambazo zingetupwa. Anayechagua Windows ajue kwamba leseni za kuitumia kwa mbali hulipiwa, na gharama hiyo huweza kumeza akiba yote ya vifaa.

Akiba kubwa iko kwenye umeme. Kompyuta 30 za wati 100 kila moja hula wati 3,000. Terminali 30 za wati 10, pamoja na seva ya wati 400, hula 700. Skrini ni zilezile kwa pande zote mbili. Kwa shule inayotegemea sola, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama maabara itafunguliwa au itabaki na kufuli.

Hospitali nazo zina faida yao. Mwaka 1999 kampuni ya Sun ilitoa terminali ya Sun Ray: daktari alipochomoa kadi yake chumba kimoja na kuichomeka kingine, kazi yake ilitokea palepale alipoiachia. Tena, kisanduku kikiibwa, mwizi hapati rekodi ya mgonjwa hata moja.

Udhaifu wa mpango huu ni kwamba seva ikizimika, wote wanazimika. Kwa hiyo nunua seva mbili za wastani badala ya moja ya kifahari, na UPS, yaani betri ya dharura, ihudumie pia swichi ya mtandao, ambayo husahaulika mara nyingi. Tumia diski za SSD, kwa sababu saa mbili asubuhi watu wote huingia kwa pamoja na diski za kuzunguka huelemewa. Na ukishawishiwa kuchukua seva ya mbali, pima kwanza uchelewaji kwa laini yako mwenyewe, asubuhi na alasiri, kisha waachie wahasibu wako wawili waitumie wiki nzima kabla hujasaini chochote.