Barua Pepe Takataka: Ipi Ujiondoe, Ipi Usiiguse

"Mbona mnaniitisha PIN ndio nione statement yangu?"

Hilo ndilo swali alilotupigia nalo mteja mmoja mwenye kibanda cha mitumba. Alikuwa ameomba taarifa ya akaunti ya miezi sita apeleke kwa sacco, achukue mkopo. Sisi tulikuwa tumeituma kwa barua pepe siku ileile, na hatukuitisha PIN yoyote. Kumbe yetu ilizikwa chini ya ofa za viatu, mikeka ya kubeti na kozi za mtandaoni asizokumbuka kuziomba. Akiitafuta, akafungua nyingine iliyofanana nayo. Alishajaza namba ya simu na ya kitambulisho kabla ya kushtuka.

Mtu mwenye barua 8,000 ambazo hajasoma hapati nafasi ya kuangalia vizuri nani ametuma nini. Tapeli anaijua hiyo. Kwa hivyo kusafisha barua pepe si mambo ya usafi tu, ni kulinda pesa yako.

Takataka zenyewe ni za aina mbili, na hapa ndipo wengi hukosea. Kuna za biashara halali: duka ulilojiandikisha upate pointi, app uliyoitumia mara moja ukaisahau. Hizi jiondoe bila huruma. Kwenye Gmail, fungua barua uangalie juu, karibu na jina la mtumaji. Utaona neno Unsubscribe, au tafsiri yake kama simu yako iko kwa Kiswahili. Tangu 2024, Google na Yahoo zinawataka watumaji wakubwa (kwa Google, wale wa barua 5,000 au zaidi kwa siku) wakuruhusu kujiondoa kwa mguso mmoja. Njia ya mkato tunayoipenda ni kuandika unsubscribe pale pa kutafutia. Nyingi zitajipanga zenyewe. Ondoa kumi ukingoja chai ichemke, kesho kumi nyingine. (Ndiyo, hata matangazo yetu. Hatutanuna.)

Aina ya pili ni zile za umeshinda, mzigo wako umezuiliwa, akaunti yako itafungwa leo. Hapa usijiondoe kabisa! Ukibonyeza linki yake, unamwambia mtumaji kwamba anwani hii ina mtu, na huenda ikakupeleka moja kwa moja kwenye ukurasa wake wa wizi. Iripoti kama spamu bila kugusa kitu ndani yake. Pia zima picha zisijifungue zenyewe, maana kuna vipicha visivyoonekana vinavyomjulisha mtumaji kuwa umefungua.

Ukijiandikisha mahali papya, ongeza alama ya kujumlisha na neno lolote kabla ya @ kwenye anwani yako ya Gmail, mfano +viatu. Barua bado zitakufikia, na siku mtu usiyemjua akikuandikia kupitia anwani hiyo, utajua ilivujia wapi.

Usisahau kuchungulia folda ya spamu mara mojamoja. Gmail hufuta vilivyomo baada ya siku 30, na wakati mwingine barua halali huangukia humo.

Na kama umejiondoa lakini kampuni bado inakusumbua? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kukataa data yako itumiwe kukutangazia biashara. Piga picha ya skrini, weka tarehe, kisha ulalamike kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Mteja wetu alikuwa hajaweka PIN. Tulimtumia taarifa upya, tukakaa naye kwa laini hadi akaiona. Kama wewe umeshaiweka mahali unapopatilia shaka, ibadilishe sasa hivi, kisha tupigie kwa namba iliyo kwenye app yetu, si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo.