Fahamu: Chama kinapopokea malalamiko dhidi ya watu wake

Malalamiko ya unyanyasaji ndani ya chama cha siasa mara nyingi huishia mikononi mwa viongozi wanaohitaji kura na utii wa mtuhumiwa. Hapo ndipo haki hukwama.

Uingereza ilishuhudia hilo mwaka 2022. Juni 30, Chris Pincher, naibu mnadhimu mkuu wa chama tawala cha Conservative, alijiuzulu akituhumiwa kuwashika wanaume wawili bila ridhaa kwenye klabu jijini London. Ofisi ya Waziri Mkuu Boris Johnson ilikana kwamba aliwahi kujua tuhuma mahususi za awali. Julai 5, katibu mkuu wa zamani wa Wizara ya Mambo ya Nje, Simon McDonald, alieleza hadharani kwamba Johnson aliarifiwa kuhusu lalamiko la 2019 dhidi ya Pincher, lililochunguzwa na kuthibitishwa. Mawaziri wakajiuzulu kwa makumi. Julai 7 Johnson akatangaza kuondoka.

Chama kilichompa Pincher cheo baada ya lalamiko hilo kiliwaangusha walalamikaji kabla hawajasikilizwa. Tangu 2018 Bunge la Uingereza lina utaratibu huru wa malalamiko, lakini uteuzi wa vyeo na wagombea hubaki kwa chama. Kamati ya maadili ya Bunge ilipendekeza Pincher asimamishwe wiki 8, Julai 2023, mwaka mzima baada ya tukio.