Mshahara wa Mlezi

Somo: Kutoka 2:1-10

Habari za Musa kuokotwa mtoni mmezisikia tangu utotoni. Leo tunaomba mtazame neno moja ambalo wengi hulipita mbio. Katika mstari wa 9, binti Farao anamkabidhi mama yule mtoto amlee, na papo hapo anamwahidi mshahara. Binti huyo hakumjua Mungu wa Israeli. Lakini alijua kwamba kulea mtoto ni kazi, na kwamba afanyaye kazi hulipwa.

Sisi tuliwahi kulisahau jambo hilo. Katika parokia moja tuliyoitumikia, shule ya chekechea ilikuwa katika ukumbi wa kanisa. Siku moja mwalimu alikuja mbele ya kamati, akasimama karibu na mlango, akasema kwa adabu kwamba hajapata mshahara kwa miezi 3. Mzee mmoja akauliza, "Kwani mama huyu hufanya nini, ila kuimba na kucheza na watoto?" Wengine wakacheka. Sisi tuliokuwa tukiongoza mkutano hatukucheka, wala hatukumkanya. Tukamwambia mwalimu avumilie mpaka wazazi wauze mahindi.

Juma lililofuata dhamiri ilitusumbua, tukaenda kuketi darasani asubuhi nzima. Kundi moja la watoto lilikuwa likifinyanga udongo. Tulipouliza sababu, mwalimu alitueleza kwamba vidole vinavyofinyanga leo ndivyo vitakavyoshika kalamu kesho. Mtoto ambaye vidole vyake havijapata nguvu huchoka upesi anapoandika, kisha watu humwita mvivu. Kundi la pili lilikuwa likipanga vifuniko vya soda, viwili viwili, vitatu vitatu. Kwa maana mtoto huishika tatu mkononi kwanza, ndipo aitambue ubaoni. Na zile nyimbo? Ndani yake mtoto hupata maneno mapya, hujifunza kungoja zamu yake, na mwenye haya hufungua kinywa akiwa katikati ya wenzake.

Alikuwapo mtoto mmoja aliyemaliza muhula mzima bila kusema neno. Asubuhi ile alitujia taratibu, akatuonyesha ng'ombe wake wa udongo, akasema, "Ana pembe." Mwalimu akageuka upande, akafuta macho kwa leso yake. Hapo tukafahamu sehemu moja ya ujira wake, ambayo hakuna mweka hazina awezaye kumpa wala kumnyima.

Lakini, wapendwa, furaha hiyo hainunui unga dukani. Bwana wetu mwenyewe alisema katika Luka 10:7 kwamba mtenda kazi astahili ujira wake. Tuliungama kosa letu mbele ya kamati, na fedha zilizowekwa kwa ajili ya rangi ya kanisa zikamlipa mwalimu. Kuta zetu zilibaki na madoa mwaka ule. Tulipomwomba msamaha, alishukuru, akasema, "Mchungaji, watoto hawakujua." Kwa miezi 3 alikuwa amewaimbia watoto wetu, na hawakuiona njaa yake.

Turudi kwa Musa. Mama yake, Yokebedi, alikaa naye miaka michache tu, kisha mtoto akapelekwa kwa binti Farao. Huko alifundishwa hekima yote ya Wamisri, kama tusomavyo katika Matendo 7:22. Hata hivyo Waebrania 11 yatueleza kwamba alipokuwa mtu mzima alikataa kuitwa mwana wa binti Farao, akachagua kuteswa pamoja na watu wa Mungu. Twaamini kwamba mbegu ya uchaguzi ule ilipandwa mapema, alipokuwa bado mikononi mwa mlezi wake.

Katika nchi yetu wazazi na makanisa walijenga chekechea nyingi kwa harambee. Mwaka 1984 Serikali ilianzisha kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo, na Katiba ya 2010 ikaikabidhi elimu hii kwa kaunti. Siku hizi madarasa hayo huitwa PP1 na PP2. Twamshukuru Mungu kwa hatua hizo. Lakini ziko chekechea ambazo bado zimo chini ya paa za makanisa, na mwalimu wake hutegemea ada ya wazazi na uaminifu wetu sisi.

Basi wewe mwalimu unayetusikiliza, usiidharau kazi yako kwa sababu wanafunzi wako ni wadogo. Huenda usiwepo watakapochagua njia zao, lakini ulichopanda kitakuwapo. Nawe mzazi, nawe mzee wa kanisa, kabla ya Jumapili ijayo ulizeni neno moja tu: je, mwalimu wetu amelipwa?

Na tuombe. Ee Baba, uliyemtunza Musa mtoni, watie nguvu wote wanaowalea watoto wetu. Utusamehe pale tulipoila jasho lao, utufundishe kuwaheshimu kwa neno na kwa tendo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.