Altezza Kuukuu Tunduma: Anza na Waya, Rimu Zitasubiri

Toyota ilianza kuuza Altezza nchini Japani Oktoba 1998 na ikaacha kuitengeneza mwaka 2005. Maana yake hata ile changa kuliko zote inayopita Mlowo au Vwawa imeshatimiza miaka 20. Bado ni gari la spoti ambalo kijana wa Songwe mwenye duka, shamba la kahawa au kazi ya uwakala wa forodha anaweza kulimudu. Linasukumwa na magurudumu ya nyuma, kila gurudumu limeshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, na lilipotoka tu lilitwaa tuzo ya Gari la Mwaka la Japani la 1998–1999. Nje ya Japani liliuzwa kwa jina la Lexus IS. Magari mengi yaliyotumika Japani hushushwa bandari ya Dar es Salaam, yakapanda barabara ya TANZAM zaidi ya kilomita 900 hadi Tunduma kuelekea Zambia na Kongo. Mengine hubaki upande wetu, na mwenye kununua Altezza hachelewi kuwaza cha kuongeza: rimu kubwa, eksozi yenye mlio, taa za LED, redio ya skrini, springi fupi.

Naiunga mkono hamu hiyo. Mtu anayefungua boneti kwa mikono yake analijua gari lake kuliko anayeliacha gereji asubuhi na kulifuata jioni. Ila kila kifaa unachoongeza kinakwenda kuegemea kitu kilichokwisha kuchoka. Redio inaegemea waya za miaka 20, rimu inaegemea bushi na boljointi, na mwendo mkali unaegemea breki. Lipa deni la umri kwanza, ndipo upambe.

Tuanze na tamaa ya nguvu, kwa kuwa ndiyo inayokula fedha bure. Altezza ya RS200 ina injini ya 3S-GE yenye silinda nne, iliyotangazwa kutoa nguvu za farasi 210 kwa gia za mkono na 200 kwa otomatiki. AS200 ina 1G-FE ya silinda sita, farasi 160. Namba hizo ni za hewa nzito ya usawa wa bahari. Huku kwetu hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda. Ukifika mita 1,500, ile 210 imebaki karibu 180. Hakuna chujio la koni linalorudisha farasi 30. Tena chujio hilo likikaa wazi ndani ya boneti linavuta hewa ya moto kutoka kwenye injini, na kama ni la bei rahisi linapitisha vumbi, nalo vumbi la kiangazi cha Momba halina huruma kwa pistoni. Likiwa limepakwa mafuta kupita kiasi, mafuta hayo yanakwenda kuganda kwenye kihisi cha hewa, na gari linaanza kusitasita.

Fedha ya koni ipeleke kwenye chujio la karatasi la kawaida, plagi mpya na mkanda wa taiming. Injini zote mbili zinatumia mkanda, na Toyota ilipanga ubadilishwe kila kilomita 100,000. Gari lililofika kwa meli halina historia unayoweza kuiapia, hivyo uhesabu umeisha muda. Kwenye 3S-GE mkanda ukikatika vali zinagongana na pistoni, na hapo utanunua kichwa cha injini, si mkanda. Badilisha na pampu ya maji siku hiyohiyo, maana kuifikia ni kazi ileile.

Wepesi huo wa hewa unagusa pia joto. Maji yanayochemka kwa nyuzi 100 Dar es Salaam yanachemka kwa takriban nyuzi 95 kwenye mita 1,500. Kinachoyazuia kuchemka ni presha, na presha inatunzwa na mfuniko wa rejeta. Mfuniko wenye alama ya 0.9 au 1.1 unakisogeza kiwango cha kuchemka juu kwa nyuzi 20 au zaidi kidogo. Mpira wake ukikauka, rejeta inapoteza ulinzi huo wote kimyakimya. Nunua mfuniko mpya wenye alama ileile ya kiwandani, weka kulanti badala ya maji ya bomba, kisha ongeza geji ya pekee ya joto. Geji hii siihesabu kuwa pambo. Geji nyingi za kiwandani za Toyota za miaka ile zilitengenezwa ili sindano itulie katikati kwa wigo mpana wa joto, dereva asihangaike. Sindano inapoanza kupanda, mara nyingi injini imeshaumia. Geji ya kuongeza, yenye kihisi chake kwenye hozi ya juu ya rejeta, inakuonyesha nyuzi zikipanda kutoka 88 hadi 97 ukiwa kwenye foleni ya malori, mapema kabla gasketi haijaungua.

Sasa nije kwenye waya, mahali ninapotaka msomaji akae kwa muda. Mwenye Altezza akilalamika kwamba taa hazioni mbali, jambo la kwanza analoshauriwa ni kununua balbu kali zaidi. Jaribu kwanza kupima. Washa injini na taa, chukua mita ya umeme, weka ncha moja kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya soketi ya balbu. Kinachosomeka ni volti zilizopotea njiani. Fanya vivyo hivyo upande wa hasi, kutoka soketi hadi hasi ya betri. Ukipata zaidi ya nusu volti upande wowote, kuna kiungo kimeoza. Mwanga wa halojeni unashuka haraka kuliko volti: ukipungukiwa asilimia 10 ya volti, mwanga unapungua takriban asilimia 30. Umenunua balbu ya wati 55 na unatumia mwanga wa balbu ndogo. Balbu kali zaidi itavuta umeme mwingi zaidi kupitia kiungo kilekile kilichooza, kiungo kitapata moto, soketi itayeyuka.

Tiba yake ni ya saa chache. Fungua pale waya wa ethi ulipofungwa kwenye bodi, kwangua kutu na rangi mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi. Kagua soketi, fyuzi na miguu ya rilei, na chochote chenye rangi ya kahawia ya kuungua kibadilishe. Kama kioo cha taa ni cha plastiki na kimekuwa cha njano, kipige msasa wa maji namba 800, kisha 1500, kisha 2000, halafu upulizie rangi angavu inayozuia jua. Bila hiyo rangi, unjano unarudi baada ya miezi michache.

Taa za ukungu zina maana kwetu, kwa kuwa masika Mbozi na Ileje ukungu unashuka barabarani kabisa. Mbili za wati 55 zinavuta karibu ampea 9 zikiwa pamoja. Mkondo huo usipite kwenye swichi ndogo ya dashibodi; upite kwenye rilei. Rilei ya kawaida ina miguu minne: 30 inapokea umeme wa betri, 87 inaupeleka kwenye taa, 85 na 86 zinaiamsha, na hapo ndipo swichi yako inapoungwa. Tumia waya wa milimita za mraba 2.5, fyuzi ya ampea 15, na fyuzi hiyo ikae karibu kabisa na betri. Wengi wanaiweka mbali, karibu na taa. Waya ukichubuka kati ya betri na fyuzi, hakuna kinachokata umeme, na gari linawaka moto. Viungo vya kusokota kwa vidole na kufunga tepu viache kabisa: kwenye joto la boneti gundi ya tepu inayeyuka, unyevu unaingia, na tunarudi kwenye volti zilizopotea.

Kuhusu kuweka LED kwenye taa iliyoundwa kwa halojeni, msimamo wangu ni hapana. Kioo cha ndani cha taa kimechongwa kwa uzi mmoja mwembamba uliokaa mahali mahususi. LED inaweka chanzo cha mwanga pengine, mwanga unatawanyika, na dereva wa lori anayekuja mbele yako kwenye barabara ya njia mbili anapofuka kwa sekunde kadhaa. Jihadhari pia na taa nzima za mtumba. Taa za Japani zinaegemeza mwanga kushoto, sawa na uendeshaji wetu na wa Zambia. Taa iliyotoka kwenye Lexus ya Marekani au ya Dubai inaegemea kulia, yaani usoni kwa anayekuja.

Redio ndiyo badiliko ambalo karibu kila mwenye gari la Japani analifanya, kwa sababu ya masafa. FM ya Japani ya miaka ile inaishia megahezi 90, ya kwetu inaanzia 87.5 hadi 108. Kiboksi cha kuhamisha masafa kinachochomekwa kwenye waya wa antena kinatosha kwa asiyetaka kuondoa redio ya asili. Anayetaka skrini ya Android asiamini rangi za waya. Kwenye redio za dukani njano ni umeme wa kudumu na nyekundu ni wa swichi, lakini upande wa gari Toyota ina rangi zake. Pima kila waya kwa mita, ufunguo ukiwa umezimwa na ukiwa umewashwa, kisha unga. Ukimaliza, zima gari, funga milango, subiri nusu saa, halafu pima ampea zinazotoka betri ikiwa imelala. Miliampea 50 au chini yake ni kawaida. Skrini inayovuta 200 inamaliza betri ya ampea-saa 45 kwa siku tisa, na nusu yake kwa siku nne au tano, kiasi cha kukuacha stata haizunguki ukirudi kutoka safari. Na kile kifaa cha ushuru wa barabara kinachokusalimia kwa Kijapani kila ukiwasha gari, hakina kazi Tanzania. Chomoa soketi yake, usikate waya.

Breki nitazisema kwa ukali. Anayetoka Mbeya kuja Tunduma anakutana na Senjele, mteremko ambao umeua watu wengi. Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. DOT 4 mapya yanachemka si chini ya nyuzi 230, lakini yakishalowa unyevu kiwango kinashuka hadi 155, na kuanzia hapo mvuke unaingia kwenye mabomba na pedali inazama mpaka chini. Kutoa mafuta ya zamani na kuweka mapya kwenye magurudumu yote manne kunahitaji watu wawili, mpira mwembamba na chupa. Badiliko hili haliwezi kuonekana kwenye picha, nami naliweka juu ya mengine yote katika makala haya.

Rimu na springi nazimaliza kwa pamoja. RS200 yenye rimu za inchi 17 hutumia tairi za 215/45R17, ambazo ukuta wake una kimo cha milimita 97. Ukishuka hadi 205/55R16 unapata ukuta wa milimita 113, na kimo cha gurudumu zima kinabadilika kwa asilimia moja tu, hivyo spidomita haidanganyi. Milimita hizo 16 ndizo zitakazookoa rimu yako kwenye mashimo na matuta. Matundu ya boliti ni matano kwa milimita 114.3, hakikisha rimu inazunguka bila kugusa kalipa. Kukata springi ili gari likae chini ni kuliharibu: mikono ya chini inakaa kwenye pembe ambayo haikuundiwa, boljointi za mbele zinakwisha, na tairi zinaliwa upande wa ndani. Weka bushi, boljointi na shokapu mpya, na gari litakanyaga barabara kama lilivyokusudiwa.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kupandisha injini ya 1JZ au 2JZ. Hiyo ni kazi ya gereji yenye winchi na fundi umeme mzoefu, wala si ya uani. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, na tangu mwaka 2019 ukaguzi wa Tunduma na Nakonde, upande wa Zambia, unafanyika katika kituo kimoja cha pamoja, ambako maofisa wa pande zote mbili wanaweza kuilinganisha kadi na chuma. Kama Altezza yako ina injini tofauti na kadi inavyosoma, nenda TRA ukairekebishe wiki hii, kabla hujapanga safari ya Lusaka.