Damu, Busu na Mpinga Kristo: Kweli na Si Kweli Kuhusu Riwaya za Kikristo za Kesho ya Kutisha

Mwaka 1995 Tyndale House, kampuni ya Marekani inayojulikana zaidi kwa Biblia, ilitoa riwaya inayoanza na rubani wa Boeing 747 akimwaza mhudumu wa ndege kwa namna isiyompasa mume wa mtu. Kabla ndege haijafika London, abiria wametoweka vitini na kuacha nguo zao. Riwaya hiyo ni *Left Behind*, ya mchungaji Tim LaHaye na Jerry B. Jenkins. Ilizaa mfululizo wa vitabu 16 uliouza nakala zaidi ya milioni 60, na kuanzia 1998 ukatoka mfululizo wa pili kwa ajili ya watoto na vijana, vitabu 40 vyembamba, dunia ile ile na maafa yale yale.

Riwaya za namna hii huitwa za distopia: jamii ya baadaye ambamo serikali, maradhi au mashine vimewakaba watu koo. Mwandishi akiwa Mkristo na msomaji akiwa na miaka 14, basi maneno hayaishi. Wazazi wana yao, wachungaji wa vijana wana yao, na wakutubi nao wana yao. Tuyapime baadhi ya madai hayo.

“Wakristo waliiga tu The Hunger Games.”

Si kweli. *The Hunger Games* ya Suzanne Collins ilitoka 2008. Miaka 101 kabla yake, mwaka 1907, padre Mkatoliki wa Uingereza, Robert Hugh Benson, alitoa *Lord of the World*. Kisa cha Benson mwenyewe kinatosha riwaya: baba yake alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, kiongozi wa Kanisa la Anglikana, na mtoto akahamia Roma. Katika kitabu chake dunia imeungana chini ya mtu mmoja mwenye haiba, Julian Felsenburgh. Dini imebaki kwa wachache, na wanaochoka kuishi wana nyumba maalumu za kwenda kufishwa kwa upole. Papa Fransisko alikipendekeza kitabu hiki hadharani zaidi ya mara moja.

Mwanzoni tu mwa riwaya, chombo cha kurukia kinaanguka mbele ya macho ya Mabel, mke wa mwanasiasa. Kijana mmoja anapenya kati ya majeruhi na kumwonyesha mtu anayekata roho msalaba mdogo. Muda si muda wanafika maofisa wa serikali na vifaa vyao, kuwamalizia wasiopona. Hakuna anayepiga kelele, kwa kuwa ndio utaratibu. Mabel huyo huyo baadaye anakwenda kwenye moja ya zile nyumba kwa miguu yake. 

Lililo kweli ni kwamba Collins alifungua pochi za wachapishaji. Kati ya 2012 na 2014 wachapishaji wa Kikristo wa Marekani walimimina distopia za vijana kwa kasi ambayo hawakuwahi kuwa nayo, na nyingine zinanuka haraka hiyo.

“Kitabu cha Kikristo hakina ukatili.”

Aliyesema hivyo hajafungua Waamuzi sura ya 19, ambamo mwanamke anabakwa usiku kucha na mwili wake unakatwa vipande 12.

Tukirudi kwenye hadithi za kubuni: C. S. Lewis, yule wa simba Aslan, alitoa *That Hideous Strength* mwaka 1945. Humo kuna taasisi ya wanasayansi inayotunza kichwa cha mtu aliyeuawa kisheria kwa gilotini, kimeunganishwa mirija ili kiendelee kusema, na kuna mkuu wa polisi mwanamke anayemchoma mateka kwa sigara inayowaka. Mwaka 1978 makanisa ya Marekani yalionyeshwa filamu *A Distant Thunder*, ya pili katika mfululizo ulioanza 1972 na *A Thief in the Night*. Ndani yake wanaokataa chapa ya mnyama wanakatwa vichwa kwa mashine. Filamu hizo zilionyeshwa kwenye kumbi za ibada, mbele ya watoto, kwa idhini ya wazee wa kanisa.

“Wachapishaji wa Kikristo wamekataza ngono na matusi.”

Nusu kweli, na hapa ndipo penye utamu.

Kwa miongo mingi vitabu vya Kikristo vya Marekani viliuzwa katika maduka yake yenyewe, na wenye maduka walikuwa na chama chao tangu 1950. Sehemu kubwa ya masharti ilikuwa haijaandikwa popote. Mhariri alijua tu kwamba mama mmoja akirudisha kitabu dukani kwa hasira kwa sababu ya neno moja, muuzaji ataagiza vichache safari ijayo. Kwa hiyo mhusika akiumia “anatukana”, na msomaji haambiwi alichosema. Mke na mume wakiingia chumbani, sura inaishia mlangoni.

Hata hivyo, kilichozuiwa ni neno na picha. Jambo lenyewe lilipita. Chukua *Captives* ya Jill Williamson, kitabu cha kwanza cha mfululizo wa *Safe Lands*, kilichotolewa 2013 na Zondervan. Kijiji cha Glenrock kinavamiwa na watu wake wanachukuliwa mateka hadi mji wenye ukuta. Wenyeji wa mji wanaishi kwa starehe na vileo vya kila aina, ila wameambukizwa gonjwa lisilo na dawa na hawawezi kuzaa watoto wenye afya. Wanachotaka kwa mateka ni damu safi na matumbo ya wasichana. Aliyewasaliti wanakijiji ni mmoja wao, Omar, kijana aliyechoshwa na dini ya wazee wake. Ndugu yake Levi yuko nje akipanga kuokoa mchumba wake. Ndugu yao wa tatu, Mason, yuko ndani akitafuta tiba.

Mwandishi hamwingizi msomaji kitandani wala hamtukani mtu. Ila msichana wa miaka 15 anayesoma kitabu hicho anakutana uso kwa uso na suala la nani mwenye mamlaka juu ya mwili wake, na serikali inaweza kumfanya nini kwa kisingizio cha manufaa ya wote. Hilo ni jambo la watu wazima kuliko busu lolote. Wachujaji wa maduka walichuja mbu, ngamia wakapita mlango mkubwa, na safari hii nashukuru walipita.

Na kuna jambo wanunuzi wengi hawalijui. Zondervan ni mali ya HarperCollins tangu 1988, na Thomas Nelson, mchapishaji mwingine mkubwa wa Kikristo, alinunuliwa na HarperCollins hiyo hiyo na kukabidhiwa 2012. HarperCollins ndiyo iliyotoa *Divergent*, distopia ya Veronica Roth tutakayoifikia hapa chini. Mzazi anayekwepa rafu ya kidunia na kukimbilia rafu ya kiroho huenda pesa yake inaangukia kapu lile lile.

Wapo waandishi walioona masharti ya maduka yanawabana. Jeff Gerke alianzisha Marcher Lord Press mwaka 2008 kwa ajili ya riwaya za Kikristo za kubuni dunia nyingine, kisha akafungua tawi la pembeni, Hinterlands, kwa miswada mikali zaidi ambayo duka la kawaida la Kikristo lisingeigusa. Mwaka 2014 kampuni ilibadili mmiliki na kuitwa Enclave, na mwaka huo huo ikatoa *A Time to Die* ya Nadine Brandes, ambamo watu wana saa zinazowahesabia muda uliobaki kabla ya kufa. Baada ya hapo maduka yenyewe yakaanza kufa: Family Christian ilifunga maduka yake yapatayo 240 mwaka 2017, LifeWay ikafunga yake 170 mwaka 2019. Mama wa kurudisha kitabu kwa hasira siku hizi hana kaunta ya kukirudishia.

“Mungu akitajwa, kitabu ni cha Kikristo; asipotajwa, ni cha kidunia.”

Si kweli. Collins alilelewa Katoliki, na nchi yake ya Panem haina kanisa, sala wala padre. Hata hivyo, Chama cha Maktaba cha Marekani kilipotoa orodha ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi mwaka 2013, moja ya sababu zilizoandikwa dhidi ya *The Hunger Games* ilikuwa mtazamo wake wa kidini. Mtazamo upi, mimi sijauona.

Veronica Roth alitoa *Divergent* mwaka 2011 akiwa na miaka 22. Ni Mkristo, na kwenye ukurasa wa shukrani anamshukuru Mungu waziwazi. Hadithi yenyewe haihubiri. Ina kundi la watu waliojitoa kuwatumikia wengine, wanaovaa kijivu na kuficha kioo nyuma ya ubao unaosogezwa, ili mtu asijitazame isipokuwa siku ya kukatwa nywele. Kwangu mimi kioo kile kinasema mengi juu ya kujikana nafsi, na juu ya hatari ya kujikana kupita kiasi, kuliko kurasa nyingi za mahubiri.

Kisa cha Madeleine L'Engle ndicho kinachoudhi. Alikuwa mwanamke wa sala, kwa miaka mingi mkutubi wa Kanisa Kuu la St. John the Divine jijini New York. *A Wrinkle in Time* yake ya 1962 ilikataliwa na wachapishaji zaidi ya 20, kisha ikatwaa Medali ya Newbery mwaka 1963. Humo kuna sayari ya Camazotz, ambako watoto wote wa mtaa mmoja wanadundisha mipira kwa mpigo mmoja mbele ya nyumba zinazofanana, na mtoto mmoja anapokosea mpigo mama yake anaingiwa na hofu. Picha za udikteta zilizochorwa kwa ajili ya watoto vizuri kuliko hiyo ni chache mno. Waliokitaka kitolewe maktabani wengi wao walikuwa Wakristo wenzake, wakilalamikia wahusika wanaofanana na wachawi na orodha ya wapiganaji wa nuru iliyomtaja Yesu pamoja na Buddha.

“Imani huiharibu hadithi.”

Mara nyingi, kweli. Kuna sura unayoweza kuibashiri: mhusika anafika mwisho wa kamba, mwenzake aliyeokoka anamkalisha chini, wanasali sala ya toba, na mashaka yote yanayeyuka. George Orwell, aliyeandika uhakiki wa *That Hideous Strength* mwaka 1945, alipenda dunia ya wale wanasayansi lakini akaona riwaya ingekuwa bora bila nguvu za mbinguni kuingilia, maana ukishajua Mungu ataamua pambano, wasiwasi umekwisha. Miaka minne baadaye akaja na *Nineteen Eighty-Four*, ambamo hakuna wa kuingilia.

Simkubali Orwell moja kwa moja. Imani iliyotikisika hubeba hadithi. Hata ndani ya *Left Behind*, ambayo sentensi zake nyingi ni za mbao, yumo Bruce Barnes, mchungaji msaidizi ambaye unyakuo, yaani kule waumini kuchukuliwa ghafla mbinguni, umemwacha. Mkewe ameondoka, watoto wake wameondoka, waumini aliokuwa akiwatembelea wameondoka, na yeye amebaki na funguo za kanisa na aibu ya kujua kwamba miaka yote alikuwa akiigiza. Riwaya nzima ya mtu huyo ningeisoma.

“Vinatisha watoto.”

Kweli. Tusiwadanganye wazazi hapa. Wapo Wamarekani wengi waliokulia katika makanisa hayo ambao hadi leo husimulia jinsi walivyorudi nyumbani utotoni, wakakuta kimya, wakadhani unyakuo umepita. Hofu hiyo haikuletwa na damu wala matusi. Ililetwa na wazo kwamba mama anaweza kuchukuliwa nawe ukaachwa kwa sababu hukusali vizuri.

*Swipe* ya Evan Angler, iliyotolewa na Thomas Nelson 2012 kwa watoto wadogo zaidi, inagusa mahali hapo hapo kwa mkono mwepesi. Kila raia anapofikisha miaka 13 hupigwa chapa, na bila chapa hakuna kazi, usafiri wala kununua kitu dukani. Logan anakaribia siku yake, na dada yake alikwenda kupigwa chapa miaka mitano iliyopita asirudi. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa: mwaka 2019, Kenya ilipokuwa ikiandikisha watu kwa Huduma Namba, wapo waumini waliogoma wakisema ni ile 666, namba ya mnyama wa Ufunuo. Kijana aliyesikia mabishano hayo sebuleni ataisoma *Swipe* kama habari.

“Kuna umri unaofaa.”

Kweli, ila hakuna aliyekubaliana na mwenzake ni upi. Wachapishaji huandika 8, 10 au 13 nyuma ya jalada, kwa kufuata soko zaidi kuliko roho ya mtoto. Wazee wa kale walikuwa wakali zaidi, na kwa Maandiko yenyewe. Mtakatifu Yeronimo, aliyeitafsiri Biblia kwa Kilatini, ameandika kwamba Wayahudi walikuwa na desturi ya kutomruhusu mtu kusoma mwanzo wa kitabu cha Mwanzo, Wimbo Ulio Bora, na mwanzo na mwisho wa Ezekieli kabla hajafikisha umri wa kuhudumu ukuhani, yaani miaka 30. Kwa kipimo hicho, msomaji wa *Swipe* angengoja miaka 17 baada ya chapa ya Logan ndipo aruhusiwe kufungua Ezekieli.