Mti uliosimama ndio unatunza kaboni

Katika mikutano yetu swali linarudi: watu wanasema miti inasafisha hewa, sisi wakulima tunapata nini? Tuhesabu pamoja.

Mti unapokua, majani yake yanavuta gesi ya kaboni, ile inayotoka kwenye moto na kwenye mashini za mafuta. Kaboni yenyewe inabaki ndani ya shina, matawi na mizizi. Kuni zikikauka, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni. Mti wenye kilo 200 za kuni kavu umeweka akiba ya kilo 100 za kaboni, na kwa kufanya hivyo umevuta karibu kilo 367 za gesi. Majani yakianguka yanarutubisha udongo, nao udongo unatunza sehemu yake.

Mukikata mti na kuuchoma, kaboni inarudi hewani. Kwa hiyo kuhesabu miche iliyopandwa hakutoshi. Inayohesabiwa ni miti inayobaki imesimama.

Basi tuache kukata? Hapana. Goma inapika na makala. Makala yasipotoka mashambani kwetu, yatatoka ndani ya Parke ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Mradi wa EcoMakala, ambao WWF ilianzisha mwaka 2007 katika Kivu ya Kaskazini, umejengwa juu ya wazo hilo: mkulima apande miti ya makala kwake, msitu wa asili uachwe. Msitu wa zamani unatunza kaboni nyingi kuliko shamba la mikaratusi. Kufyeka msitu ili kupanda mikaratusi ni hasara tupu.

Nini cha kufanya shambani?

Gawanyeni shamba la makala sehemu sita, mukate moja kila mwaka. Visiki vya mikaratusi vinachipuka tena, na sehemu tano ziko zimesimama kila wakati.

Pandeni pia miti ya kubaki: grevilea kwenye mipaka na katikati ya kahawa, miti ya asili kwenye miteremko mikali. Mikaratusi isikaribie chemchemi, kwani inakunywa maji mengi.

Pale visiki vya miti ya asili vingali hai, hakuna haja ya kununua miche. Zuieni mbuzi na moto tu, msitu utarudi wenyewe. Kabla ya kiangazi, safisheni njia ya kukinga moto kuzunguka shamba.

Kuhusu feza za kaboni, musitie sahihi haraka. Mnunuzi analipa tani zilizopimwa, si ahadi. Muulize kwanza: Mkataba ni wa miaka mingapi? Tunaruhusiwa kukata kuni? Nani anapima, na nani analipa kazi ya kupima? Miti ikiungua au tukikimbia vita, nani anabeba hasara? Feza zitagawanywaje kati ya mwenye udongo, mwenye kulima na ushirika? Mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya wanachama wote, wanawake wakiwemo, na nakala ibaki kwenu.

Mwenye udongo wa kukodi akubaliane kwanza na mwenye udongo, kwa maandishi. Miti inadumu kuliko mazungumzo ya mdomo.

Mvua za Septemba ndizo za kupanda. Kabla hazijaanza, kila ushirika uamue katika mkutano: sehemu gani ni ya makala, na sehemu gani panga halitagusa.